Mpangaji na Mwenye Nyumba: Katuni za Leseni Mbele ya Mhakiki

Katika semina moja ya nadharia ya uhakiki, mwenzetu alisimama akatamka kwamba kitabu cha katuni kilichoandikwa ili kuuza mwanasesere si fasihi. Ni tangazo la biashara lenye picha. Darasa zima lilicheka, na mimi nikiwemo. Baadaye nilipotafakari niliona kwamba tulicheka upesi mno. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi katuni hizo zinavyozaliwa, kisha nijaribu kumjibu mwenzetu.

Kwanza, utaratibu wenyewe. Mchapishaji wa katuni huenda kwa mwenye filamu, tamthilia ya televisheni au kichezeo, akalipia leseni, yaani ruhusa ya kutumia wahusika kwa muda maalumu. Mchapishaji hupata wasomaji ambao tayari wanampenda mhusika, naye mwenye mali hupata ada pamoja na kutangaziwa bidhaa yake. Kwa lugha ya mtaani, mchapishaji ni mpangaji: anaweza kupaka rangi na kupanga viti, lakini hati ya nyumba anayo mwingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni Star Wars. Marvel ilianza kuichapisha mwaka 1977, toleo la kwanza likatoka hata kabla ya filamu kuonyeshwa. Matoleo sita ya mwanzo yalisimulia filamu yenyewe. Kuanzia la saba waandishi walilazimika kubuni, huku filamu ya pili ikiwa haijatoka hadi 1980. Hebu fikiri: unamwandikia Luke Skywalker visa kila mwezi bila kujua baba yake ni nani! Hata hivyo katuni hizo ziliuzwa mno, na Jim Shooter, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa Marvel, alisema baadaye kwamba ndizo zilizoiokoa kampuni.

Lakini mfano unaonigusa mimi ni Rom. Mwaka 1979 kampuni ya Parker Brothers ilitoa mwanasesere wa kielektroniki mwenye macho mekundu yanayowaka, sauti chache na silaha za kushika mkononi. Basi. Marvel ikampa kazi Bill Mantlo aandike na Sal Buscema achore. Kutokana na kipande kile cha plastiki Mantlo alibuni sayari ya Galador, ambako kijana anajitolea kuacha mwili wake wa kibinadamu na kuvishwa chuma ili kuokoa watu wake. Anawafuata maadui zake hadi mji mdogo wa Marekani, nao wamejigeuza sura na kuishi kama majirani wema. Kila anapompiga mmoja wao, wenyeji wanaona jirani yao ameuawa na jitu la chuma. Mkombozi anageuka muuaji machoni pa wale anaowaokoa. Jamani, kama huo si mgogoro wa kifasihi, tunafundishwa nini?

Mwanasesere alishindwa sokoni mapema. Katuni ikaendelea hadi 1986, matoleo 75, yote yakiandikwa na Mantlo. Kwa hiyo hoja ya tangazo inaanguka yenyewe: tangazo gani linaloishi miaka mingi baada ya bidhaa kutoweka madukani?

Hata hivyo, mwenzetu hakukosea kabisa. Uchumi haukutoka nje ya kazi hiyo. Leseni ilipokwisha, hadithi ilikatwa vipande viwili: Rom alirudi kwa wenye kichezeo, mali iliyoishia mikononi mwa Hasbro, na mashujaa wa Galador wakabaki Marvel. Mwaka 2016 kampuni ya IDW ilipomfufua Rom, ilibidi imbunie jeshi jingine. Hadithi ya zamani haikuweza kuchapishwa upya hadi Marvel na Hasbro walipoelewana, na juzuu la kwanza la mkusanyo likatoka mwaka 2024. Karibu miaka arobaini! Mantlo mwenyewe aligongwa na gari mwaka 1992 akaumia ubongo, hakuandika tena.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Tumezoea kugawanya kazi katika fani na maudhui, na tukiongeza mwandishi na jamii yake tunaona tumemaliza. Katuni za leseni zinatudai swali jingine: nani ana ufunguo wa kazi hii, na akiufunga mlango msomaji ataipata wapi? Kazi isiyochapishwa haihakikiwi. Tunapodharau maandishi kwa sababu yalianza dukani, tunamsaidia mwenye nyumba kuyafungia stoo.

Ninayo jozi ya matoleo ya Rom yaliyochakaa, niliyoyanunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Mwenzangu wa semina anakaribishwa kuazima. Akimaliza, tucheke tena, lakini safari hii tukiwa tumesoma.