Kioo cha Nyuma cha Ndai Kimepasuka Ukiwa Lugulu? Soma Hii Kabla Fundi Hajashika Bunduki ya Gundi

Wasee wa hiyo side wanajua. Barabara ya Webuye kwenda Kitale ni kipande cha A1, na A1 haina mchezo: ndio hiyo hiyo inabeba malori ya Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ongeza trekta za miwa huku chini, ongeza boda za kila aina, alafu weka kokoto zimelala pembeni ya lami. Umeegesha Lugulu senta ukinunua ndizi, tairi la lori linarusha jiwe moja tu, na kioo cha nyuma cha X-Trail yako kinageuka sukari guru.

Na si mawe pekee. Kuna wale hujivunjia wenyewe. Umekuja ocha wikendi, Jumapili mathee amekupakia gunia la mahindi, miwa, kuku wawili na jembe la kupelekea mjomba Nairobi. Mpini umechomoza kidogo, huoni, unashusha mlango wa buti kwa nguvu kama kawaida. Paaa! Alafu kuna mashine za kukata nyasi zenye zinarusha changarawe kama risasi. Ukiona jamaa anafyeka uwanja, usiegeshe hapo na uende kula.

Sasa, kitu cha kwanza kushangaza watu ni vile hicho kioo huvunjika. Cha mbele kikigongwa kinafanya nyufa tu na kinabaki pahali pake. Cha nyuma kinaanguka chote, vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi. Sababu ni kwamba hivi ni vioo viwili tofauti kabisa. Cha mbele ni tabaka mbili za kioo zimebanwa na karatasi ya plastiki katikati. Cha nyuma, kwa SUV nyingi ndogo tunazoendesha hapa, ni kioo kimoja kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600, alafu kikapulizwa hewa baridi haraka. Ngozi ya nje inaganda kwanza, ndani inachelewa, na mwishowe kioo chote kinakaa kimejibana ndani kwa ndani. Hiyo ndio inakifanya kiwe kigumu, na hiyo ndio inafanya kikipata jeraha moja kwa ukingo kilipuke chote. Mfaransa anaitwa Royer de la Bastie alichukua hataza ya kugandisha kioo hivyo huko 1874, kabla hata gari halijakuja. Mimi campus niliiacha njiani, lakini fizikia hii unaielewa hata bila digrii.

Hii kitu inakuhusu kwa sababu moja ya pesa: kioo cha aina hiyo hakikatwi. Ukikigusa na kikata vioo, kinalipuka. So ukiskia mse wa mtaani anakwambia ati atachukua kioo cha gari ingine akipunguze kitoshe yako, jua ni stori za jaba. Na yule atakuwekea kioo cha dirisha la nyumba, hicho ndio hatari zaidi, juu kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa visu. Weka watoto siti ya nyuma alafu ufikirie hivyo visu.

Haya, kimepasuka. Usianze kufagia. Piga picha kwanza, ndani na nje, namba ya gari ionekane. Kama una bima kubwa, ile ya komprehensivu, angalia karatasi zako: nyingi huwa na kiasi kimetengwa cha vioo, unapata elfu 30 ama elfu 50 imeandikwa hapo, na wanataka uwapigie kabla hujarekebisha. Kama ni mtu amevunja ama ameiba, watakuitisha abstrakti ya polisi pia. Kama uko na thadi pati, pole mkubwa, hiyo ni ya kulipa wengine, kioo ni cha mfuko wako.

Kama kioo kilikuwa na tinti ya karatasi, kinaweza kubaki kimesimama kimejaa nyufa kama utando wa buibui. Usiguse mkiwa ndani. Toa watu, weka shuka ama gunia ndani ya buti, vaa glavu, alafu uangushe pole pole. Punje zingine zitaingia kwa shimo la spea, zingine ndani ya mlango wa buti wenyewe. Ukiinua huo mlango, zitakumwagikia kichwani. Hapo mtu huwa anajua hajui.

Sasa ile sehemu yenye nataka uskie vizuri kuliko zote.

Mse anaona kioo kimeenda, anasema, “Si ni upepo tu, nitafika Nairobi hivyo hivyo.” Zii. Gari likitembea, nyuma yake hewa inazunguka na kurudi kuvutwa kuelekea buti. Na bomba la moshi liko wapi? Hapo hapo chini. Ukiwa na shimo ukubwa wa kioo kizima, moshi unaingia ndani, na ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi. Hiyo gesi haina rangi, haina harufu. Damu yako inaipenda kuliko oksijeni, so inashikilia hiyo na kuacha oksijeni nje. Unaanza kuumwa kichwa, unaskia kichefuchefu, unasinzia. Dere anadhani ni uchovu wa safari. Waliokaa nyuma wako karibu zaidi na hilo shimo, na huko ndio watoto na shosh hukaa, na wao ndio mtu huona wamelala anasema, “Wacha walale, safari ni ndefu.”

So ukitoka Lugulu, hata kama ni kwenda Kitale ama Bungoma tu kutafuta fundi, ziba hilo shimo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini nailoni safi ya kupima kwa mita unaipata hadwea. Chukua yenye unaona nje kupitia, kata kubwa kuliko shimo, safisha rangi ya gari na kitambaa kikavu, bandika tepu pande zote, ya juu ifunike ya chini ndio mvua isiingie. Turubai la kuanikia mahindi linaziba fiti lakini huoni nyuma, na hiyo ni kesi ingine na karao. Washa feni ya gari, iweke kwa hewa ya nje, si ile ya kuzungusha hewa ya ndani. Na mwendo upunguze. Nailoni haikupendi ukifika 100. Mtu akianza kusema kichwa kinamuuma, simama, wote mtoke nje mpate hewa.

Ukishaziba, tulia. Hii ndio point yangu: kioo cha nyuma kinataka siku moja ama mbili za subira, na wasee wengi huumia juu wanataka kiwe kimewekwa kabla ya saa kumi ndio wawahi njia.

Kutafuta kioo kwenyewe kuna siri moja, namba ya chasisi. Usiende ukasema “kioo cha Forester.” Forester gani? Ya SG5, SH5 na SJ5 ni maumbo tofauti. X-Trail ya NT31 na ya NT32 ni watu hawajuani. Hiyo kodi iko kwa logbuku na kwa gari lenyewe. Piga picha utume kwa muuzaji, na ongeza picha ya kioo kabla hakijavunjika kama unayo. Atataka kujua kama kuna shimo la waipa, kama kuna nyaya za antena zimechorwa kwa kioo, na kama kioo chenyewe ni cheusi cha kiwandani. Hicho cheusi si tinti ya kubandika, rangi iko ndani ya kioo. Ukipewa cheupe utabaki na gari lenye mgongo wa rangi ingine.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hiyo ni sheria ya KEBS. So kama ndai yako ni mzee kidogo, wenzake hawashuki tena Mombasa wakiwa wazima. Vioo vyao unavipata kwa magari yaliyokatwa. Uliza Kitale, uliza Bungoma, ukikosa jaribu Eldoret, na ukikosa kabisa kuna Kirinyaga Road Nairobi, ile wazee bado wanaita Grogan. Cheki pembeni ya kioo kuna muhuri umechapwa. Kwa vioo vya Asahi wa Japani, neno Temperlite ndio la kile kilichogandishwa, na Lamisafe ni cha tabaka mbili. Kikisafirishwa, kisimame wima kwa blanketi ama katoni. Ukingo ndio roho yake. Kikigongwa hapo kwa buti ya matatu utapokea katoni ya punje.

Kama una Honda CR-V za kwanza, wewe ni mtoto wa bahati: kioo chake kinafunguka peke yake kwa bawaba, fundi anafungua na kufunga, hakuna gundi. Wengi wengine kioo kimegandishwa kwa bodi, na hapo kila kitu kinategemea gundi.

Gundi ya kweli ni poliurethani. Ni nyeusi, inatoka kwa mrija na bunduki, na inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewa. Chenye utapata kwa mafundi wengine ni silikoni, ile ya kuziba sinki. Njia ya kuijua bila kusoma chochote: nusa. Ikinuka siki kama ya chipsi, mwambie fundi asimame. Hiyo siki inakula chuma, inaleta kutu kwa fremu, na mabaki yake hukataa gundi ya ukweli isishike siku utakuja kurekebisha. Pia angalia tarehe ya mwisho kwa mrija. Poliurethani huharibika ikikaa kwa duka, na hakuna mtu atakwambia.

Fundi anayejua kazi hutaona akikimbia. Atatoa plastiki za ndani za mlango, atachomoa waya za difoga na taa ya breki ya juu, atavuta punje zote na mashine. Gundi ya zamani hatailima yote hadi chuma. Anaacha utando mwembamba, juu gundi mpya hushika vizuri sana kwa ile ya zamani. Akikwaruza rangi, anapaka praima, la sivyo kutu itaanzia hapo. Unaona ule mpaka mweusi kwa ukingo wa kioo, wenye madoadoa? Watu hudhani ni urembo. Kazi yake ni kukinga gundi na jua. Fundi anapaka praima yake hapo pia, anapiga mstari mmoja wa gundi bila kukatika, alafu watu wawili wanakishusha kioo mara moja. Hakuna kusukuma sukuma.

Unaweza kumsalimia hivi ukianza, bila kumkasirisha:

“Mulembe, fundi. Gundi unayotumia ni gani?”

“Mulembe sana, mkubwa. Ni poliurethani.”

“Poa. Naomba nione mrija. Na nikae masaa mangapi kabla niende?”

Akijibu, “Ah, enda tu saa hii,” jua hilo jibu ni la haraka yako, si la gundi. Kuna gundi za saa moja, kuna za masaa sita, kuna za siku nzima. Imeandikwa kwa mrija, na baridi huongeza muda. Asubuhi za Kitale unazijua. Kama lazima ulale, lala. Kioo kilichosogea milimita kadhaa kwa matuta ya kwanza kitavuja hadi siku utauza gari.

Kabla hujatuma doo, washa difoga. Ile mistari ya rangi ya kahawia ni hita, na vile vibati viwili vya pembeni vimebandikwa kwa risasi ya kuchomea, vinang’oka fundi akivuta waya kwa hasira. Pumulia kioo, ukungu ukianza kutoroka kwa mistari, iko sawa. Jaribu waipa. Jaribu taa ya breki ya juu, mtu asimame nyuma aangalie. Kama namba ya gari ilikuwa imechongwa kwa vioo vyako vyote, hiki kipya hakina, panga uchongewe.

Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, na mlango wa buti ufungwe kama unafunga mtoto amelala. Ukiubamiza madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya ndani inatafuta pahali pa kutokea, na pahali palegevu zaidi ni hiyo gundi mbichi. Tepu alizoweka fundi ziache hadi kesho yake hata kama zinaharibu luku. Mashine ya maji ya presha pale kwa kuosha magari, kaa mbali nayo siku mbili. Baada ya hapo mwaga maji ya ndoo juu ya kioo pole pole, fungua buti, inua zulia na upapase shimo la spea. Likiwa kavu, mwambie mathee apakie gunia lake, na mpini wa jembe uangalie mbele.