Mtoto mwenye kigugumizi asaidiweje darasani?

Mwalimu anapoita majina asubuhi, mwanafunzi wa darasa la pili hutakiwa kuitikia kwa neno moja tu. Kwa mtoto mwenye kigugumizi, neno hilo laweza kuwa zito kuliko hesabu zote za siku hiyo.

Mwenye kigugumizi hurudia silabi, huvuta sauti, au hukwama kabisa, ilhali anajua vyema anachotaka kusema. Hali hiyo huanza aghalabu kati ya umri wa miaka miwili na mitano. Inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 20 huipitia, na wengi hupona. Miongoni mwa watu wazima hubaki takriban mmoja katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Si uvivu wala uchache wa akili. Wala mtoto hakipati kwa kumwiga mwenzake, kama wengi wanavyoamini. Wataalamu wanakihusisha na namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Ukimya unaodanganya

Akifika shuleni, mtoto hujifunza kujificha. Husema "sijui" na jibu analo. Hubadilisha neno alilokusudia kwa jingine lililo jepesi kutamka, hata kama si sahihi. Huomba ruhusa ya kwenda msalani zamu yake ya kusoma inapokaribia.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 mbele yake humwona mtoto huyo kuwa mtulivu, pengine mzito wa kuelewa, na humpa alama kwa kadiri hiyo.

Kumsahihisha kila mara huzidisha ukimya huo. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, watafiti wa chuo kikuu waliwatumia watoto yatima 22 katika jaribio. Baadhi yao, wakiwemo waliokuwa na usemi wa kawaida, waliambiwa kuwa usemi wao una kasoro. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya matokeo yake, lakini baadhi ya watoto hao waliingiwa na haya, wakawa wagumu wa kuzungumza. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2001.

Muda na sikio

Msaada wa kwanza hauhitaji fedha. Mwalimu amsubiri mtoto amalize, asimmalizie sentensi, na ajibu kile alichosema badala ya namna alivyokisema. Maneno kama "tulia" au "anza upya" hutolewa kwa nia njema, lakini humwonyesha mtoto kuwa anayesikilizwa ni ulimi wake tu.

Kusoma kwa sauti moja, desturi ambayo shule zetu hulaumiwa kwayo, kuna faida hapa. Wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wakisoma pamoja na mwingine. Darasa zima likisoma wawili wawili, mtoto huyo hushiriki bila kutengwa. Kumwondolea kabisa zamu ya kusema si msaada. Ni afadhali kumwuliza faraghani angependa kuitwa lini na vipi.

Wanaomcheka wakemewe papo hapo. Jina la utani likishaota mizizi darasani, ni vigumu kuling'oa.

Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha katika ngazi ya shahada mwaka 2008, lakini shule nyingi hazijawahi kutembelewa na hata mmoja. Nchini Uingereza huduma hiyo hutolewa bila malipo kwa watoto, ingawa foleni yaweza kuwa ndefu.

Wazazi walio ughaibuni wakati mwingine hushauriwa kuacha Kiswahili nyumbani ili mtoto abaki na lugha moja. Hakuna ushahidi kuwa lugha mbili husababisha kigugumizi, na mtoto anayenyimwa lugha ya bibi yake hupoteza mtu mmoja zaidi wa kuzungumza naye bila haraka.

Iwapo hali imedumu zaidi ya mwaka, yupo mwingine katika ukoo mwenye kigugumizi, au mtoto ameanza kukunja uso na kukwepa kusema, mzazi asingoje apone mwenyewe. Amtafute mtaalamu, na mwalimu wa darasa aambiwe mapema.