Kasi ya Heyward-Bey na Bei ya Chaguo la Saba

Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2009, zamu ya saba ya kuchagua wachezaji wa vyuo ilipowafikia Oakland Raiders katika ukumbi wa Radio City Music Hall jijini New York, mashabiki wao wengi walikuwa na jina moja mdomoni: Michael Crabtree wa Chuo Kikuu cha Texas Tech. Katika misimu miwili alikuwa amedaka pasi 231 na kufunga tachidauni 41, na mara zote mbili alitwaa Tuzo ya Biletnikoff, ile anayopewa mpokeaji bora wa vyuo vikuu. Jina lililosomwa jukwaani lilikuwa la Darrius Heyward-Bey wa Maryland, kijana ambaye msimu wake wa mwisho chuoni alidaka pasi 42 tu. Chaguo tatu baadaye, Crabtree akachukuliwa na San Francisco 49ers, majirani na mahasimu wa Raiders ng'ambo ya pili ya ghuba.

Ubishi uliozuka siku hiyo haujaisha hadi leo, na kila mwaka timu fulani inapomchukua kijana mwenye kasi mapema kuliko ilivyotarajiwa, jina la Heyward-Bey hurudi. Ninaona unastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu pande zote mbili zilishika ukweli nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayofundisha jinsi mchezo huu unavyofanya kazi.

Kwa aliyezoea soka, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, timu haiwezi kumfuata kijana wa chuo na kumnunua kwa fedha nyingi kuliko mwenzake. Tangu 1936 kuna utaratibu wa kuchagua kwa zamu: timu iliyofanya vibaya zaidi huanza, bingwa humalizia, na leo timu 32 huzunguka hivyo mara saba. Zamu yenyewe ndiyo mtaji. Timu yaweza kuiuza kwa timu nyingine au kuibadilisha na zamu mbili za chini, lakini ikishaitumia, imekwisha. Kwa hiyo shabiki anayelalamikia chaguo la saba hasemi tu kwamba kijana ni mbovu. Anasema kwamba kwa bei ile kulikuwa na mwingine, au kwamba huyohuyo angepatikana kwa bei ndogo.

Mwaka 2009 bei hiyo ilikuwa hata ya fedha taslimu. Kabla ya mkataba wa kazi wa 2011 kuweka viwango vya mishahara ya wachezaji wapya, walioitwa mapema walijadiliana kwa uhuru mkubwa. Mkataba wa Heyward-Bey uliripotiwa kuwa na dhamana ya dola milioni 23.5 kabla hajadaka hata pasi moja ya ligi. Shabiki aliyekuwa ameishuhudia timu yake ikipoteza mwaka hadi mwaka alikuwa na haki ya kuuliza hizo fedha zinanunua nini.

Zilinunua sekunde 4.30. Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya baridi, vijana wanaotarajia kuchaguliwa hukusanyika Indianapolis kupimwa urefu, uzito, mruko na mbio za yadi 40, ambazo ni takriban mita 36.6. Heyward-Bey alikimbia kwa kasi kuliko wapokeaji wote wa mwaka ule. Crabtree hakukimbia kabisa, kwa kuwa vipimo vilionyesha ufa kwenye mfupa wa mguu wake. Basi mezani palikuwa na mmoja mwenye saa bila takwimu kubwa, na mwingine mwenye takwimu bila saa.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde yaonekana kitu kidogo, lakini tupige hesabu. Mwishoni mwa mbio hizo mkimbiaji wa kiwango hiki huenda karibu mita kumi kwa sekunde. Aliyekimbia kwa sekunde 4.30 akishindana na aliyekimbia kwa 4.40, tofauti yao mwishoni ni karibu mita nzima. Katika mpira wa Kimarekani mita moja ni umbali mkubwa mno: ni tofauti kati ya mkono wa beki kuugusa mpira na kuukosa. Tena faida haiishii kwa anayekimbia. Beki akijua kwamba akipitwa hatamfikia tena, husimama mbali kabla mchezo haujaanza. Mlinzi wa mwisho naye hurudi nyuma zaidi ili awe bima. Hapo katikati ya uwanja hupatikana nafasi, na wapokeaji wengine hudaka pasi fupi bila bughudha, wakati yule mwenye kasi hajaguswa na mpira mchana kutwa. Waliomtetea Heyward-Bey walisema hili kwa haki kabisa: ipo kazi ya mpokeaji ambayo haimo kwenye jedwali la takwimu.

Aliyeliamini hili kuliko mtu yeyote Marekani ni mwenye timu, Al Davis. Kuanzia 1960 alikuwa kocha wa wapokeaji chini ya Sid Gillman huko Chargers, na Gillman ndiye mwalimu mkuu wa mbinu ya kuutanua uwanja kwa pasi ndefu. Davis alihamia Oakland mwaka 1963 akiwa na mbinu hiyo kichwani na hakuiacha maisha yake yote. Mwaka 1972 Raiders walimchukua Cliff Branch, mwanariadha wa mbio fupi kutoka Colorado, na wakangoja mikono yake ifundishike. Branch alishinda Super Bowl, fainali ya ligi, mara tatu akiwa nao, na mwaka 2022, miaka mitatu baada ya kifo chake, akaingizwa katika Jumba la Watukufu wa mchezo huo. Baadaye Davis alimsajili Sam Graddy, mshindi wa medali ya fedha ya mita 100 katika Olimpiki ya 1984, na James Jett, aliyerudi na dhahabu ya mbio za kupokezana za mita 100 mara nne kutoka Barcelona 1992. Shabiki mzee wa Oakland aliyesema "mwacheni Davis, anajua" alikuwa na historia mkononi.

Lakini angalia jambo moja katika historia hiyohiyo: Branch alichukuliwa katika mzunguko wa nne. Kasi ilipatikana, na bei ilikuwa ya chini. Tena aliyemrushia mpira katika miaka yake bora alikuwa Ken Stabler, ambaye naye leo yumo katika Jumba la Watukufu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Kasi ya mpokeaji haina kazi mpaka watu wengine wafanye yao. Ili pasi ya yadi 50 ifike, ukuta wa mbele lazima uwazuie washambuliaji kwa sekunde tatu na zaidi, muda ambao katika mchezo huu ni mrefu. Kisha kotabeki, yaani mrushaji, lazima aachie mpira kabla mpokeaji hajawa huru, akiulenga mahali ambapo mwenzake atakuwa baada ya sekunde mbili. Mpira ukichelewa, mwenye kasi hulazimika kupunguza mwendo ili ausubiri, na mita ile aliyoipata hupotea yote. Mpokeaji mwenye kasi anayesubiri mpira ni sawa na mpokeaji wa kawaida.

Raiders wa 2009 walikuwa na nani wa kurusha? Walikuwa na JaMarcus Russell, chaguo la kwanza kabisa la mwaka 2007, mwenye mkono wenye nguvu ya ajabu. Nguvu haikuwa tatizo. Shabaha na maandalizi ndiyo yalikosekana. Msimu ule pasi zake zilizofika hazikutimia hata nusu ya alizorusha, alipata tachidauni 3, na mara 11 mpira ukanaswa na wapinzani. Kumpelekea kijana ambaye bado anajifunza kudaka mrushaji ambaye bado anajifunza kulenga, na kutegemea kila mmoja amkomaze mwenzake, ulikuwa mpango mbaya. Matokeo yalikuwa pasi 9 kwa msimu mzima, yadi 124, tachidauni 1. Ng'ambo ya ghuba, Crabtree, aliyegomea mkataba hadi Oktoba na hivyo kukosa mwanzo wa msimu, alidaka 48 kwa yadi 625.

Je, labda alifanya ile kazi isiyoonekana, ya kuwafungulia wengine nafasi? Twaweza kulipima hilo kwa kiasi fulani. Mnufaika wa kwanza wa walinzi kurudi nyuma huwa ni yule mpokeaji mkubwa anayecheza katikati, na kwa Raiders huyo alikuwa Zach Miller. Mwaka 2008, kabla ya Heyward-Bey kufika, Miller alidaka pasi 56 kwa yadi 778. Mwaka 2009 alidaka 66 kwa yadi 805. Nyongeza ipo, ila ni yadi 27 kwa mwaka mzima. Kwa maoni yangu walinzi hawakuogopa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuifikishia mpira.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, haumhusu Crabtree, ingawa ubishi wa mashabiki umemng'ang'ania yeye. Unamhusu Mike Wallace wa Chuo Kikuu cha Mississippi. Wallace alikimbia yadi zilezile, mahali palepale, mwaka uleule, kwa sekunde 4.33. Pittsburgh Steelers walimchukua mzunguko wa tatu, akiwa chaguo la 84. Tofauti ya saa kati yake na Heyward-Bey uwanjani ni kama sentimita 30. Tofauti ya bei ni chaguo 77. Wallace alimkuta Ben Roethlisberger, mrushaji aliyekuwa tayari na ubingwa mara mbili na aliyezoea kushikilia mpira huku akikwepa wapinzani hadi mpokeaji wake afunguke. Msimu wa kwanza alidaka 39 na kuongoza ligi kwa wastani wa yadi 19.4 kwa kila pasi. Msimu wa pili alipita yadi 1,250. Mbinu ya Al Davis ilifanya kazi sawasawa mwaka 2009, ila ilifanya kazi Pittsburgh.

Tumeyaona tena hivi karibuni. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya Indianapolis wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamchukua akiwa chaguo la tisa. Msimu wake wa kwanza ulipita bila pasi hata moja aliyodaka. Majeraha yana sehemu yake, na si haki kuyasahau. Mwaka 2024 Xavier Worthy aliivunja rekodi hiyo kwa 4.21, lakini aliitwa akiwa wa 28, na walioitoa zamu hiyo walikuwa Buffalo Bills, wapinzani wakubwa wa Kansas City Chiefs waliomchukua. Mashabiki wa Buffalo walikasirika, na waliona mbali. Worthy aliingia katika timu ya Patrick Mahomes, na katika Super Bowl ya msimu huo alidaka pasi 8 kwa yadi 157 na tachidauni mbili, ingawa Chiefs walifungwa na Philadelphia 40 kwa 22. Alihitaji mrushaji, akampata siku ya kwanza.

Rudi kwa Heyward-Bey, maana kuna waliomwita bure kabisa, na hao nao walikosea. Russell aliachwa mwaka 2010. Akaja Jason Campbell, kisha Carson Palmer, na Hue Jackson akashika mashambulizi. Tarehe 8 Oktoba 2011 Al Davis alifariki dunia. Siku iliyofuata Raiders waliifunga Houston 25 kwa 20, na Heyward-Bey alidaka pasi 7 na kufunga tachidauni moja. Msimu ule alimaliza na pasi 64 na yadi 975. Ni mchezaji yuleyule, na mikono ni ileile. Tofauti ni kwamba mpira ulikuwa unafika.

Raiders walimwachia mwaka 2013. Alicheza mwaka mmoja Indianapolis Colts. Kisha akakaa Pittsburgh misimu mitano, na huko kasi yake ikapata ajira nyingine: kuwakimbilia wapokeaji wa mipira inayopigwa kwa mguu na kuwaangusha kabla hawajapiga hatua. Ni kazi ngumu isiyo na sifa, na aliifanya vizuri. Jumla ni misimu kumi, pasi 202, yadi 2,897. Watu wengi wanaochaguliwa hawafiki nusu ya miaka hiyo.

Hukumu yangu basi ni hii. Mashabiki waliopiga kelele Aprili 2009 walikuwa sahihi kuhusu bei, na waliodai kasi haina thamani hawakuwa sahihi kuhusu mchezo. Kosa la Raiders halikuwa kumpenda kijana mwenye mbio. Lilikuwa kumlipia zamu ya saba wakati kasi kama yake ingepatikana kwenye zamu ya 84, na kufanya hivyo kabla ya kuwa na mtu wa kumrushia mpira. Na Crabtree? Mwaka 2015 alisaini Oakland akiwa huru, akacheza misimu mitatu na kufunga tachidauni 25. Raiders walimpata bila kutumia hata zamu moja.