Dagaa Hawaukimbii Mwezi

Upepo wa kusi unapolegea mwezi Septemba na matlai kushika zamu, maji hubadilika kuanzia Kigoma hadi Pemba. Baharini mawimbi hutulia, maji yaliyovurugika tangu Mei hutakata, na ngalawa zilizokuwa zikivua ndani ya miamba tu huanza kutoka nje. Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 na ushei, huwa limekorogwa na upepo na baridi ya Juni na Julai. Sasa hujigawa upya: maji ya vuguvugu juu, maji mazito chini, na hayo ya chini huishiwa oksijeni wiki hadi wiki. Sangara hulazimika kupanda. Upepo mkali wa ghafla ukiyasukuma maji hayo ya chini hadi ghubani, samaki huelea wamekufa na kijiji huanza kumsaka aliyetia sumu.

Ziwa Tanganyika hufanya jambo kubwa zaidi. Tangu Mei upepo wa kusini mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, katika ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670. Maji ya vuguvugu hulundikana upande wa Bujumbura na Uvira. Upande wa Mpulungu maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba pengo. Upepo ukikatika, mlundikano huo hausawaziki kwa siku moja. Tabaka zima huyumba, kama maji ya karai lililoinuliwa upande mmoja kisha likatuliwa, na yumbo moja huchukua karibu mwezi mzima. Kila linapopita, rutuba ya chini husogea juu, mimea midogo ya majini hustawi, viumbe vinavyoila huongezeka, na dagaa hufuata. Kwa upande wa Tanzania, mwaka 2024 ziwa hilo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hivyo mvuvi wa Kigoma alirudi majini wakati upepo bado unavuma na neema ya Oktoba na Novemba iko mbele yake.

Mambo hayo yangetosha kwa maswali ya msimu mzima. Hata hivyo swali linalosikika mialoni na madikoni, msimu hata msimu, ni moja: mwezi ukipevuka, dagaa huenda wapi? Majibu ya kijiweni yako tele. Wamezama kulala. Wamehamia ng'ambo. Wamefungwa na tajiri wa kambi ya jirani aliyeleta mganga. Swali lenyewe ndilo bovu, kwa kuwa linachukulia kwamba wameondoka. Dagaa hawajaondoka.

Ili kuliona kosa, inafaa kuangalia taa inavyofanya kazi usiku wa giza. Taa, iwe karabai au ya sola, huwekwa juu ya kiboya au huning'inizwa ubavuni mwa chombo. Dakika za mwanzo huja wadudu wa hewani tu, wakijigonga kwenye kioo. Kisha planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, hujaa ndani ya duara la mwanga kama vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani. Dagaa huja nyuma yao. Huonekana kwanza kama cheche chini ya maji, halafu huanza kuizunguka taa, kundi zima likielekea upande mmoja, kwa saa nzima ikibidi. Nahodha mzoefu haangalii wingi peke yake; hungoja mzunguko utulie, kisha hufifisha mwanga ili kundi lijibane na kupanda, ndipo wavu uinuliwe. Huko Tanganyika migebuka nao huwa wamekwisha kufika chini ya kundi, na chakula chao ni dagaa wenyewe.

Kazi yote hapo hufanywa na tofauti ya mwanga kati ya duara la taa na giza linalolizunguka. Samaki aliye mbali huiona taa kwa sababu kila kitu kingine ni cheusi. Mwezi mpevu ukiwa juu, maji yote huwa na mwanga, na taa hubaki doa dogo ndani ya weupe. Dagaa yuleyule, kwenye maji yaleyale, hana tena sababu ya kusogea. Hutawanyika, hukaa chini kidogo kuliko usiku wa giza, na hula anachokipata pale alipo. Mvuvi huinua wavu mtupu na kutangaza kwamba ziwa limekauka.

Kutokana na kosa hilo imezaliwa dawa ya uongo inayouzwa kuliko zote, na haitoki kwa mganga bali dukani: ongeza taa. Kama mwezi unashindana na taa, basi taa ziwe nyingi na kali zaidi. Kwa maneno hoja inaingia akilini. Kwa hesabu haisimami. Mbalamwezi ya mwezi mpevu, anga likiwa jeupe, hufikisha kati ya luksi 0.1 na 0.3. Usiku wa nyota bila mwezi ni karibu luksi 0.001, yaani hafifu mara mia moja au zaidi. Taa ya lumeni 1,000 inayotawanya mwanga pande zote hulingana na mbalamwezi ya luksi 0.2 kwenye umbali wa mita 20 tu. Usiku wa giza, taa hiyohiyo ingefika mita 280 hivi kabla ya kumezwa na mwanga wa nyota. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kuzisogeza zile mita 20 ziwe 40 kunahitaji taa nne. Mita 80 zinataka taa kumi na sita. Mwezi haulipiwi hata shilingi.

Hizo ni hesabu za hewani. Maji hula mwanga, na maji ya Ziwa Victoria, yenye ukijani wa mimea midogo, hula zaidi kuliko yale maangavu ya Tanganyika. Ndani ya maji umbali wote hufupika, wa usiku wa giza ukifupika zaidi. Muuza taa asishangilie lakini: ulaji huohuo wa maji hufanya taa ya nne ilete nyongeza ndogo kuliko ilivyoonyeshwa hapo juu, kwa sababu kila mita inayoongezwa ni mita nyingine ya maji yanayomeza mwanga. Taa inayomulika pembeni badala ya chini ni hasara nyingine, kwani mwanga unaoyagusa maji kwa kulala, kutoka pembeni, hurudishwa na uso wa maji bila kuingia. Gharama ya kuongeza taa ni ya hakika. Mavuno yake katika usiku wa mwezi mpevu ni ya bahati nasibu, na bado kuna wanaokopa kwa ajili yake kila msimu unapofunguka.

Ushahidi kwamba samaki wapo, tena wanashiba, umechapishwa tangu 1986. Mtafiti wa Poland, Maciej Gliwicz, alichunguza bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji, ambako huishi samaki mdogo aitwaye kwa sayansi Limnothrissa miodon. Samaki huyo ni mmoja wa dagaa wawili wa Ziwa Tanganyika. Alipandikizwa bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, akashuka na mto Zambezi hadi Cahora Bassa. Gliwicz alikuta planktoni wakiongezeka na kupungua kwa kufuata mwezi wa angani, wakiporomoka karibu na mwezi mpevu. Sababu ni mtego wa saa. Siku chache baada ya mwezi kupevuka, jua huzama na giza huingia kwanza. Planktoni, ambao hukaa chini mchana ili wasionekane, hupanda juu wakidhani usalama umefika. Muda mfupi baadaye mwezi huchomoza na kuwakuta juu, peupe, mbele ya samaki wanaowinda kwa macho. Mwezi unaodaiwa kuwafukuza dagaa ndio unaowaandalia karamu.

Dai jingine husema kwamba mwezi huwavuta au kuwasukuma samaki kwa nguvu zilezile zinazoleta bamvua, yale maji makuu ya kujaa na kupwa baharini. Hili huharibiwa na kalenda peke yake. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mmoja: mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kama nguvu ya bamvua ndiyo ingewaondoa dagaa, wangetoweka pia kwenye giza, wakati ambapo nyavu hujaa. Ziwani hakuna bamvua ya kuzungumzia. Mwezi huinua maji ya Ziwa Victoria kwa kiasi ambacho mtu aliyesimama mwaloni hawezi kukiona, na maji yanayosogea na kurudi pale huwa yamesukumwa na upepo. Anayehamishia ziwani elimu ya pwani, akapanga siku za dagaa kwa bamvua na maji mafu, anatumia kipimo sahihi mahali pasipo na cha kupimwa.

Pwani mambo ni mengine, na hapo mwezi una kazi mbili kwa wakati mmoja. Wanaovua dagaa na vibua kwa taa hukumbana na tatizo lilelile la mwanga. Waliobaki huongozwa na maji. Kwenye bamvua bahari ya Zanzibar na Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, miamba huachwa wazi, na ndipo wachokoaji wa pweza hupata siku zao nzuri. Maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, hupunguza mkondo, na mshipi hushuka wima hadi kwenye changu badala ya kuburutwa pembeni. Mwezi mpevu wa Oktoba ulio mbaya kwa wavuvi wa taa ni mzuri kwa pweza, na wala pweza hajaulizwa kama anaupenda mwezi.

Kinachobaki ni saa, na saa hazina gharama. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukipevuka leo, ukachomoza karibu na machweo, usiku wa tatu baada ya hapo hutoka kama saa 3 usiku, wa tano kama saa 4 na dakika 40, wa saba karibu na saa 6. Giza kamili la nchi za karibu na ikweta huingia kama saa 1 na nusu. Kwa hiyo usiku wa tano baada ya mwezi mpevu una dirisha la giza la saa tatu mwanzoni mwa usiku, ambalo kambi nyingi hulipoteza kwa kungoja «giza» litangazwe rasmi. Kabla ya mwezi kupevuka hesabu hugeuka: tarehe 10 ya mwezi mwandamo, mwezi huzama kama saa 8 usiku, na dirisha ni kuanzia hapo hadi alfajiri.

Madirisha hayo mawili hayalingani kwa usalama. Ngurumo za Ziwa Victoria hukomaa usiku wa manane na kuelekea alfajiri, pale upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana katikati ya ziwa, na mvua za vuli huzidisha. Dirisha la mwanzo wa usiku ndilo la kupendelewa. La alfajiri litumike baada ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila mtu akiwa na boya lake, chombo kikiwa karibu na nchi kavu. Taa ishushwe karibu na maji na ielekezwe chini. Moja iliyokingwa vizuri juu hufaa kuliko mbili zinazomulika anga. Kikundi kitakachopata fedha za taa ya nne kizipeleke kwenye vichanja vya kuanikia, kwa sababu dagaa aliyekauka vizuri kwenye giza ndiye anayeuzwa siku za mbalamwezi, sokoni dagaa wakiwa wamepungua. Aliye na mshipi, dema au jarife abadilishe mtego badala ya kulalamika. Maeneo ya pweza yaliyofungwa yaheshimiwe hadi siku ya kufunguliwa.

Usiku wa tarehe 14 na 15 hauna dirisha la maana, mwanzoni wala mwishoni. Nyavu zishonwe, injini ifanyiwe huduma, mafuta yabaki kwenye pipa.