Kisii na Nyamira: Maji ya chemchemi kung'aa si dalili ya usalama

WAKAZI wengi wa Kisii na Nyamira wanategemea chemchemi, na kwa kuwa maji yake ni maangavu na baridi, huaminiwa kuwa salama. Hata hivyo, jicho si kipimo cha usafi. Viini vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu havionekani wala havina ladha. Ili kuitambua hatari yake, ni lazima kwanza kuchunguza njia ambayo maji yamepitia kabla ya kufika bondeni.

Katika maeneo ya Pwani, kama vile Mombasa na Diani, visima vikivutwa kupita kiasi maji ya bahari hupenya ardhini, na mnywaji huonjeshwa chumvi. Ulimi humwonya mapema. Nyanda za juu za Gusii hazina onyo kama hilo, kwani uchafu unaotishia maji yake hutoka kwa binadamu na mifugo, na hauna ladha.

Sura ya nchi ndiyo kiini cha tatizo. Mvua inayonyesha karibu mwaka mzima huzama katika udongo mwekundu na nyufa za miamba, kisha huchomoza chini ya mteremko. Nyumba, zizi la ng'ombe na choo cha shimo aghalabu huwa juu ya mteremko huo huo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, yaani zaidi ya watu 950 na takriban 675 mtawalia kwa kila kilomita mraba. Kila shamba linapogawanywa miongoni mwa wana, boma jipya huchimba choo kipya, na nafasi kati ya choo na chemchemi huzidi kupungua.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa maji hauanzii maabara bali mlimani. Mchunguzi hupanda mteremko akihesabu vyoo, mazizi, majaa ya taka na makaburi, na kuangalia iwapo maji ya mvua huingia katika chemchemi. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Palipo na nyufa katika mwamba, hata umbali huo huenda usitoshe.

Hatua ya pili ni kuchukua sampuli katika chupa iliyotakaswa na kuipeleka maabara ikiwa baridi. Humo hutafutwa bakteria aina ya E. coli, ambaye huishi matumboni mwa watu na wanyama. Aina zake nyingi hazina madhara, lakini kuwepo kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika majini, na palipofika kinyesi vinaweza kufika viini vya maradhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Aidha, sampuli ya kiangazi pekee hupotosha, kwani uchafu mwingi husombwa wakati wa masika.

Hupimwa pia naitreti, inayotokana na vinyesi na mbolea za mashambani. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, humdhuru hasa mtoto mchanga, kwa kuwa huizuia damu yake kubeba oksijeni. Kuchemsha hakuiondoi, huua viini tu.

Faida ya kulinda chemchemi imethibitishwa karibu na Gusii. Utafiti wa Michael Kremer na wenzake katika eneo la Busia, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kujengea chemchemi kwa saruji na kuiwekea bomba kulipunguza E. coli kwenye chanzo kwa asilimia 66. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo. Lakini katika maji yaliyokuwa nyumbani, uchafu ulipungua kwa asilimia 24 pekee. Hivyo, mtungi usiooshwa na kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono vinaweza kuharibu kazi iliyofanywa na saruji, na ndiyo maana klorini au kuchemsha bado kunahitajika.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne likaziachia kaunti huduma za maji na usafi. Hata hivyo, maji ya ardhini hayajui mipaka. Katika mji wa Keroka, ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, shimo la choo linaweza kuwa upande mmoja na mteka maji upande wa pili.

Kupima chemchemi moja moja baada ya watu kuugua ni kuchelewa. Palipo na watu wengi namna hii, mahali pa kuchimba choo hapawezi kuwa siri ya boma moja. Panamhusu kila jirani anayeteka maji chini ya mteremko.