Neno "Share" na Maana Zake

Wasomaji wetu wengi huku Moshi hulikuta neno la Kiingereza "share" katika barua na vitabu vya hesabu. Neno ni fupi, lakini mwenye kulifasiri kila mara kwa neno moja tu aweza kumpoteza mwenziwe.

Asili yake ni kukata. Hata ule ulimi wa chuma wa plau ukatao udongo huitwa kwa neno hilo.

Maana ya kwanza ni fungu. Mchagga achinjapo mbuzi, jamaa hupata kila mtu fungu lake kwa desturi. Maana ya pili ni kutumia kitu pamoja: maji ya mfongo ni mamoja, na watu huyatumia kwa zamu, wala hapana kinachokatwa ila siku. Ya tatu ni kumshirikisha mwenzio habari, furaha au huzuni. Ya nne ni hisa, yaani fedha mtu aiwekayo katika kampuni au chama.

Katika hii ya nne ndipo watu hujikwaa. Tulipata kumsomea mzee mmoja barua ya chama chake cha kahawa, tukamwambia kwamba fungu lake limetajwa humo. Akafurahi, akaahidi kumlipia mjukuu wake ada ya shule. Alipofika kwa karani, kumbe ni hisa aliyotakiwa kuilipa yeye! Kosa lilikuwa letu.

Fungu la nyama huliwa. Hisa hukaa chamani ili kazi iendeshwe, na gawio hutolewa ikiwapo ziada. Tena, katika kampuni mwenye hisa nyingi kwa kawaida huwa na kura nyingi, bali katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mambo ya vyama si mageni mlimani: wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaanzishwa K.N.C.U., muungano wa vyama vya msingi.

Basi mwalimu au mzee wa kijiji aombwaye kusoma barua ya namna hii, na atazame kwanza: fedha hizi zamwingia mtu mfukoni, au zamtoka? Akishajua hilo, maana itamfunukia. Na asipojua, amwendee karani kabla ya kufasiri. Kuuliza si ujinga.