Gari la Zamani: Uliza Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japan. Yakifika hapa hufanya kazi kwa miaka mingine mingi: hupeleka watoto shuleni, hubeba mzigo wa duka, huendesha biashara ya teksi. Umri peke yake si kasoro. Gari la miaka 20 lililotunzwa vizuri laweza kuwa salama kuliko gari la miaka minane lililosahauliwa. Kinachowaumiza wamiliki wengi wa magari ya zamani ni desturi ya kubadilisha kipuri kabla chanzo cha hitilafu hakijajulikana.

Tuchukue mfano. Gari linakataa kuwaka asubuhi. Fundi anashauri betri mpya, nayo inanunuliwa. Wiki tatu baadaye gari linakataa tena, kwa kuwa betri ya kwanza haikuwa na kosa. Alteneta ndiyo iliyoshindwa kuichaji. Mwenye gari amelipia betri asiyoihitaji, na bado gharama ya alteneta inamsubiri. Huenda hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Kilichokosekana ni kipimo cha dakika tano.

Katika sehemu hii tunajibu maswali ambayo wenye magari ya zamani hukutana nayo mara kwa mara. Hatukusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Tunataka afike gereji akiwa anajua dalili inaashiria nini, aulize nini, na hitilafu ipi isiyoweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Gari haliwaki asubuhi. Je, ni lazima betri ibadilishwe?

La. Anza kwa kutazama vichwa vya betri. Ukungu mweupe au wa kijani, au waya uliolegea, hutosha kuzuia umeme kupita. Kuvisafisha na kuvikaza hugharimu kidogo sana. Kisha mwombe fundi apime kwa mita ya umeme mbele yako. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na takriban nusu ya nguvu yake. Injini ikiwashwa, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, betri haichajiwi, na betri mpya nayo itaisha vilevile. Ikiwa vipimo vyote ni vizuri lakini ufunguo ukigeuzwa husikika mlio mmoja tu wa “tik”, stata ndiyo ya kuchunguzwa.

Mshale wa joto unapanda na gari linachemsha. Nifanye nini?

Zima kiyoyozi, egesha gari mahali salama, uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo ndani yako chini ya mgandamizo, ambao huyawezesha kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa mgandamizo huo hutoweka ghafla, maji huchemka mara moja na kuruka juu, na huweza kuunguza vibaya uso na mikono. Subiri hadi injini ipoe kabisa, hata ikichukua saa nzima.

Kumbuka kwamba kuongeza maji si matengenezo. Maji hayapungui katika mfumo mzima pasipo sababu. Huenda yanavuja kwenye mpira, rejeta au pampu ya maji. Huenda feni haizunguki. Huenda themostati imekwama, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Muulize fundi: “Maji yamekwenda wapi?” Asipoweza kukuonyesha, hajamaliza kuchunguza. Anayeendelea kuongeza maji kila asubuhi ili afike kazini hujikuta akilipia injini, ilhali angeweza kulipia mpira mmoja wa rejeta.

Aidha, tumia kulanti iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Kulanti huinua kiwango cha kuchemka na huzuia kutu. Rejeta inayotiwa maji ya bomba peke yake mwaka hadi mwaka huota kutu na kuziba, na kasoro hiyo hujitokeza siku ambayo gari lina mzigo na linapanda mlima mrefu.

Nimeona moshi, na kuna matone chini ya gari. Je, ni hatari?

Rangi husaidia. Mvuke mwepesi asubuhi yenye baridi, unaotoweka injini ikipata joto, ni jambo la kawaida. Moshi mweupe mzito usiokoma, hasa wenye harufu tamu, huashiria kwamba kulanti inaingia ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni wa oili inayoungua. Moshi mweusi huonyesha kwamba petroli au dizeli ni nyingi kuliko hewa. Mara nyingine kosa ni chujio la hewa lililojaa vumbi tu, na hilo ndilo la kutazamwa kwanza.

Maji safi yanayodondoka chini ya gari baada ya kutumia kiyoyozi hayana madhara. Kujua matone mengine, tandika kadibodi chini ya gari usiku. Tone la kahawia au jeusi huenda ni oili ya injini. Jekundu huenda ni oili ya gia au ya usukani. La kijani au la waridi huenda ni kulanti. Tone la mafuta karibu na gurudumu huenda linatoka kwenye breki, na gari hilo lisiondoke hapo kabla ya kukaguliwa.

Pima oili ya injini angalau kila baada ya wiki mbili, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yaelekea imechanganyika na maji. Usiwashe injini tena kabla ya kumwona fundi.

Taa imewaka kwenye dashibodi. Naweza kuendelea na safari?

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, simama na uzime mara moja. Injini isiyopata oili huweza kuharibika ndani ya dakika chache. Taa ya njano ya injini ikiwaka bila kumetameta, na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika gereji kwa utaratibu. Ikimetameta na injini inatetemeka, punguza mwendo na usimame mapema iwezekanavyo.

Mashine ya kupimia hutoa namba ya hitilafu, nayo husema tu ni wapi pa kuchunguza. Namba inayotaja kihisio fulani haimaanishi kwamba kihisio hicho ndicho kibovu. Huenda ni waya wake, au ni sehemu nyingine inayokilazimisha kusoma vibaya. Omba kuandikiwa namba hiyo. Na jihadhari na “matengenezo” ya kufuta taa peke yake: taa huzimika, hitilafu hubaki.

Ni hitilafu zipi zisizoweza kusubiri?

Breki, matairi na usukani. Hapa tunazungumzia maisha ya watu, wakiwemo wale wasiokuwa ndani ya gari lako.

Pedali ya breki inayozama, au inayohitaji kukanyagwa mara mbili ili ishike, ina hewa, uvujaji au kasoro nyingine ya mfumo. Gari hilo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe. Mlio mkali wa chuma kila unapokanyaga huonyesha kwamba pedi zimekwisha. Pedi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja. Zikibadilishwa upande mmoja tu, gari huweza kuvuta upande linaposimama.

Mafuta ya breki nayo huzeeka, maana hunyonya unyevu wa hewa. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka mapema breki zinapopata moto. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, pedali huweza kuzama hadi chini bila onyo. Ni wamiliki wachache wanaoweza kusema mafuta yao ya breki yalibadilishwa lini. Kama wewe pia hukumbuki, hilo liwe la kwanza katika orodha yako.

Kuhusu matairi, usitazame kashata peke yake. Kina chake kisipungue milimita 1.6, lakini tairi lenye kashata nzuri pia huweza kuwa limekauka na kupasuka ndani. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililofika miaka kumi liondolewe, hata kama linaonekana jipya. Kagua hivyohivyo tairi la akiba, na usinunue tairi la mtumba kabla ya kusoma tarakimu hizo.

Je, oili yoyote ya gia inafaa?

Haifai. Gia boksi ya kawaida ya otomatiki hutumia oili ya aina ya ATF. Gia boksi ya CVT, iliyomo katika magari mengi ya Nissan na baadhi ya Toyota, hutumia oili yake maalumu. Zikibadilishana, gia boksi huweza kuharibika kabisa. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kijiti cha kupimia, na uone chombo cha oili kabla hakijafunguliwa.

Jua pia kama injini yako inatumia cheni au mkanda wa taimingi. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST na Probox nyingi, hutumia cheni. 5A-FE na 3S-FE hutumia mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Usipojua ulibadilishwa lini, usitegemee kilomita za dashibodi peke yake, kwa kuwa huweza kurudishwa nyuma. Mwombe fundi aukague. Mkanda ukikatika injini huzima ghafla, na katika baadhi ya injini pistoni hugonga vali.

Nitajilinda vipi ninaponunua vipuri na huduma?

Kwanza, kipuri. Nenda dukani na namba ya kipuri au kipuri chenyewe cha zamani. Linganisha maandishi, uzito na umaliziaji wake. Boksi lenye tahajia iliyokosewa, chapa iliyofifia, au bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine ni sababu ya kusita. Kipuri cha mtumba si kosa kuuzwa, mradi muuzaji aseme wazi kuwa ni cha mtumba. Kwa pedi za breki, mpira wa breki na sehemu za usukani, tunashauri ununue mpya.

Pili, kazi. Kabla fundi hajafungua boliti, mkubaliane mambo manne, na ikiwezekana yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu:

1. Hitilafu ni ipi, na imethibitishwa kwa kipimo gani.
2. Bei ya kipuri na bei ya ufundi, kila moja peke yake.
3. Kwamba hakuna kazi ya ziada itakayofanywa bila idhini yako.
4. Kwamba vipuri vilivyotolewa utakabidhiwa, na kazi ina dhamana ya muda gani.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na masharti haya, kwa kuwa yanamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayesahau walichokubaliana.

Tatu, kumbukumbu. Dai risiti ya EFD kila unaponunua. Weka daftari ndani ya gari uandike tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na kipuri kilichowekwa. Daftari hilo litamsaidia fundi anayefuata, litapandisha thamani ya gari siku ya kuliuza, na litakuwa ushahidi wako pakitokea mgogoro.

Iwapo nimeuziwa kipuri bandia au kazi haikufanyika, nifanye nini?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa zenye alama za kughushi. Rudi kwanza kwa muuzaji au gereji, ueleze malalamiko yako kwa maandishi na utaje unachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa kipuri, au kazi kurudiwa. Usikubali kipuri chenye mgogoro kitupwe; kihifadhi pamoja na boksi lake, risiti na picha. Usipopata jibu la kuridhisha, leta vitu hivyo katika ofisi yetu. Kupokea malalamiko ni wajibu wetu, na malalamiko yenye kipuri na risiti mezani hushughulikiwa kwa wepesi kuliko yale yenye maelezo ya mdomo peke yake.

Kabla ya kufunga kijitabu hiki, nenda kwenye gari lako na uandike mambo matatu: tarakimu za DOT za kila tairi, tarehe ya mwisho ya kubadilisha mafuta ya breki, na aina ya oili ya gia. Lile utakaloshindwa kuliandika ndilo la kumuuliza fundi wiki hii.